Fahali wa Kengeja Aliyeacha Kukojoa

Siku mliyoniaga pale ofisini, mmoja wenu aliniuliza tulikuwa tunajuaje kwamba figo za ng'ombe zimefunga, zamani, kabla ya vijikaratasi vya kuchovya kwenye mkojo na kabla hospitali haijakubali kutupimia damu ya wanyama. Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu sambusa zilikuwa zinapoa. Jibu refu ni hili. Vyeo vyangu na mishahara yangu vimo kwenye jalada, na anayetaka kusinzia akalisome. Mimi nitaandika juu ya figo, maana katika kazi yote niliyoifanya, hapo ndipo nilipokosea vibaya zaidi, na ndipo nilipojifunza.

Nilianza kazi ya mifugo Chake Chake mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya miezi michache Unguja, nina cheti na suruali ya kaki pana kuliko mimi. Nilidhani nitakabidhiwa bomba la sindano. Nilikabidhiwa kisu. Karani aliniambia niende machinjioni kwa Bwana Masudi, mkaguzi wa nyama, na kwamba atanirudisha mwenyewe akishanichoka. Ilimchukua miezi mitano kunichoka.

Bwana Masudi alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea magunia, na sikumsikia hata siku moja akipandisha sauti. Hakupenda maswali. Alinipa figo ya ng'ombe, akaniambia, "Menya." Nikamenya. Akanipa nyingine. Figo ya ng'ombe si kama ya mbuzi. Imegawanyika vinundu vinundu kama kishada, na juu yake ina ngozi nyembamba. Figo nzima ngozi hiyo inatoka kwa ulaini na chini yake panang'aa. Figo iliyougua zamani ngozi imegandamana nayo, ukivuta unang'oa na nyama. Figo iliyopigwa juzi au jana ni kubwa, imevimba, ina rangi ya kupauka, na ukiikata nyama yake inabinukia nje. Haya yote hakuniambia. Aliningoja niyaseme mimi, na nilipoyasema, mwezi wa pili, alisema, "Haya," akaenda kunawa.

Jambo moja tu alinifundisha kwa maneno. Alisema, ukifika kwa mtu mwenye ng'ombe mgonjwa usimuulize kakojoa lini, kwa sababu hajui, na kwa heshima yako atakutungia jibu. "Mwambie akuonyeshe pahala alipokuwa kafungwa. Piga goti, utie mkono chini." Ng'ombe wa Pemba, kama mnavyojua, hufungwa kamba chini ya mnazi, akala majani yanayomzunguka, kesho akahamishiwa mnazi mwingine. Mahali alipolala panaeleza yote. Pakiwa na tope la mkojo, ng'ombe huyo hata akiwa anakoroma una nafasi naye. Pakiwa pakavu, usianze kufungua dawa.

Vifaa vyetu vilienea kwenye sanduku moja la mbao. Kipimajoto, kamba, chupa ya kunyweshea, mpira wa kupitishia maji tumboni, taa ndogo ya spiriti, vichupa vyembamba vya kioo, siki. Mkojo tuliuchemsha kwenye kichupa juu ya taa, tukadondoshea siki. Ukibaki na utando mweupe kama ute wa yai, figo zinavujisha kitu ambacho hazikutakiwa kukiacha kipite. Kazi ngumu ilikuwa kuupata huo mkojo. Jike unampapasa chini ya mkia na mara nyingi anakubali. Dume unasimama naye na kopo lililofungwa kwenye fimbo, saa nzima, saa moja na nusu, na atakojoa pale tu unapoliweka kopo chini ili upokee kahawa.

Mwaka wa pili nilipata mgonjwa aliyenivimbisha kichwa. Alikuwa punda wa mbeba mawe wa Chokocho, amekwama njiani hawezi kupiga hatua, mkojo wake una rangi ya kahawa. Mimi niliona rangi nikasema kupe, maana ugonjwa wa kupe hukojoza damu. Siku hiyo Bwana Masudi alikuwa amefuatana nami. Alikichukua kile kichupa, akakisimamisha juu ya jiwe, akaanza kuzungumza na mwenye punda habari za mihogo. Baada ya muda akaniambia nitazame. Mkojo ulikuwa na rangi ile ile juu mpaka chini. Ingekuwa ni damu yenyewe, wekundu ungezama ukakaa chini; hii ilikuwa rangi tu, na rangi huweza kutoka kwenye damu iliyovunjwa na ugonjwa wa kupe au kwenye nyama. Akanishika mkono akaubandika kwenye paja la punda, nalo lilikuwa gumu kama ubao. Punda alikuwa ameshinda siku tatu bandani anakula pumba bila kazi, siku ya nne akabebeshwa mawe tangu asubuhi. Nyama yake ilikuwa inavunjika na rangi yake inapitia kwenye figo, na rangi hiyo huziba figo. Dawa yake ilikuwa kupumzika na maji mengi sana. Alipona. Mwenye punda alinishukuru mimi kwa sababu mimi ndiye niliyevaa kaki, nami sikumkosoa.

Tangu siku hiyo nilijiona fundi. Nilianza kwenda shamba peke yangu, na watu wa kusini walianza kuniita daktari. Mwanzoni nilikuwa nakataa.

Kengeja na vijiji vya jirani vina mchezo wa ng'ombe, na kwa wale mliokuja juzi kutoka kwengine nieleze kidogo. Fahali hufungwa kamba ndefu, akaingizwa uwanjani, na wanaume wakamchezea kwa kitambaa huku zumari linalia na wanawake wanaimba kumsifu na kumkejeli mchezaji. Ng'ombe hauawi. Anayeumia mara nyingi ni binadamu, na mimi sikuwa na dawa ya binadamu. Wenye ng'ombe wa mchezo walikuwa na dasturi zao, na moja katika upande ule ilikuwa kumnyima fahali maji tangu siku moja kabla ya mchezo ili tumbo liwe jepesi. Dasturi ya pili, ambayo sikuijua, ilikuwa kwamba ng'ombe mwenye jeraha pia hapewi maji mpaka kidonda kianze kukauka, kwa kuhofia kwamba maji anayokunywa yatakwenda kidondani. Moja nilikuwa nimeisikia. Ya pili haikunijia akilini kuiuliza.

Bi Saumu alikuwa mjane wa makamo, nyumba yake iko nje kidogo ya Kengeja. Alikuwa na fahali mmoja mwekundu, jina lake Tufani. Siku za mchezo Tufani alikuwa ng'ombe wa kutajwa. Siku nyingine zote alivuta gari la nazi na mpunga la watu wa mtaa mzima, na mkwe wa Bi Saumu, Juma, ndiye aliyeliendesha. Nyumba ile ilikuwa na watu tisa, na wote walikula kwa mabega ya ng'ombe yule. Hilo nalijua kwa sababu Bi Saumu aliniambia mwenyewe siku ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayekuonyesha mpaka wa shamba.

Mchezo ulikuwa Alhamisi. Tufani alijirusha, akajichoma begani kwa kigingi cha uzio. Ijumaa akapata homa. Jumamosi nilishuka kwenye lori la abiria na sanduku langu nikakuta bega limevimba, lina joto, usaha unaanza.

"Wambaje, bwana daktari?" Bi Saumu alinipokea mlangoni.

"Sijambo bibi. Shikamoo. Lakini mimi si daktari."

"Marahaba. Utakuwa."

Nilikiosha kidonda, nikapima homa. Nikatoa dawa ya salfa, ambayo wakati ule ndiyo tuliyokuwa nayo kwa kila kilichovimba. Ilikuwa unga mweupe. Kipimo chake kwa ng'ombe ni kikubwa, unakoroga kwenye maji kidogo unamnywesha kwa chupa. Nilimpa cha kwanza mwenyewe, nikamwachia Juma pakiti za asubuhi na jioni, mpaka Jumatatu. Nilitazama chini alipofungwa Tufani. Nakumbuka nilivyotazama. Palikuwa pakavu kabisa, vumbi jepesi, na vigogo vya mgomba vilivyotafunwa. Nikasema, kwa furaha, "Pakavu hapa, pazuri. Endeleeni hivi hivi, kidonda kitapona upesi." Nikapanda lori nikarudi Chake.

Nilikuwa nimetazama pale pale nilipofundishwa kutazama, na nilichokiona nikakisifu. Mawazo yangu yalikuwa kwenye kidonda, na kwa kidonda ukavu ni jambo jema. Sikupiga goti. Sikuvuta ngozi ya shingo kuona inarudi kwa kasi gani. Nilikuwa na miaka miwili kazini na watu walikuwa wananiita daktari.

Jumanne nilirudi. Bega lilikuwa limenywea na homa imeshuka, na kwa muda kama wa kuvua kofia nilifurahi. Kisha nikamtazama ng'ombe. Alisimama amejikunja mgongo, miguu ameiweka mbali mbali, ameinua mkia kidogo kama anayetaka kukojoa, na hakitoki kitu. Macho yamezama. Hakugusa majani. Na kwenye nywele zinazotoka kwenye ncha ya govi palikuwa na kitu cheupe. Nilidhani ni chokaa. Nilikifikicha kwa vidole, kikakwaruza kama mchanga.

Nilivuta ngozi ya shingo. Ilisimama kama mkunjo wa kitambaa, ikakaa hivyo hivyo.

"Juma," nikasema, "huyu kanywa maji mara ngapi tangu Jumamosi?"

Juma alikuwa mtu mpole, hakuwa na tabia ya kumjibu mtu wa serikali haraka. "Maji hatukumpa, bwana. Ana kidonda. Ila kata moja ya kumezea dawa."

"Tangu lini hajapewa?"

"Tangu Jumatano. Tunampa vigogo vya mgomba, vina majimaji." Kisha akaongeza, bila lawama, kama anayenikumbusha mzigo nilioacha garini, "Mie Jumapili nlitaka kumpa ndoo. N'kakumbuka bwana kasema pakavu ndio pazuri."

Nieleze hapa kwa faida yenu. Salfa hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Mkojo ukiwa mwingi inapita. Mkojo ukiwa kidogo na mzito inaganda ndani ya figo, chembe kwa chembe, mpaka vijia vyote vya ndani vizibe. Yaliandikwa kwenye karatasi ya dawa kwa Kiingereza, nami niliyasoma siku za mafunzo, na katika mtihani niliyajibu sawasawa.

Nilivua shati nikapaka mkono sabuni nikamwingia nyuma. Kuna mambo mawili ya kutafuta, na msiyachanganye. La kwanza ni kibofu. Kikiwa kimejaa na kukakamaa, mkojo upo na njia imezibwa chini. Hilo ni tatizo jingine. Kibofu cha Tufani kilikuwa kitupu, kimesinyaa kama mfuko uliokwishamwagwa. Maana yake mkojo hautengenezwi. La pili ni figo ya kushoto, ambayo kwa ng'ombe inaning'inia na mkono unaifikia. Niliigusa. Ilikuwa kubwa, nene, vinundu vyake vimejaa, na nilipoibonyeza Tufani, ambaye siku tano nyuma alikuwa anafukuza wanaume uwanjani, aligeuza kichwa akaguna. Alikuwa bado amenona, bado ana misuli. Mnyama wa figo za zamani hukonda polepole, huja kwako amekwishakauka. Huyu alipigwa ghafla, na aliyempiga ni mimi.

Nilipotoa mkono, Mzee Kombo alikuwa ameshafika. Alikuwa ndiye mchinjaji wa mtaa, mtu mchamungu, kisu chake amekizungushia kitambaa. Hakuna aliyemwita, watu wa shamba hawahitaji kuitwa kwa mambo kama hayo. Alimnusa Tufani puani.

"Pumzi yake bado nzuri," aliniambia. "Leo n'nyama, bwana. Kesho akitufia ni kibudu, hata paka hali. Weye sema tu."

Alisema kweli. Na mimi nilikuwa mkaguzi pia. Siku ile, harufu ya mkojo haijaingia mwilini, ningeweza kuipitisha sehemu kubwa ya nyama, na Bi Saumu angepata chochote. Kisha figo ningezitoa kwa mkono wangu, ningezizika kwa mkono wangu, na hakuna mtu Kengeja nzima ambaye angejua kilichokuwamo. Ningeandika kwenye taarifa: jeraha la begani. Niliwaza hivyo kwa muda ambao sipendi kuupima. Najua uliishia pale Bi Saumu alipotoka nje, akaketi kwenye kizingiti, akaniuliza kwa adabu kama nimeshakunywa chai.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba dawa niliyoitoa ndiyo iliyoziba figo, kwamba haina kosa ikienda na maji, kwamba sikuuliza maji, na kwamba Juma alifuata nilivyosema. Nilikuwa nimesimama kifua wazi, mkono mmoja una mavi mpaka begani. Nilikuwa na haya kiasi kwamba nilizungumza nikitazama ndoo.

Bi Saumu alikaza leso yake kichwani. "Akipewa maji sasa, itatoka?"

"Pengine, bibi."

"Pengine yako ina uzito gani?"

"Sijui."

"Na n'kimchinja leo?"

"Leo utapata nyama. Ukingoja kisha asipone, hutapata kitu. Sitaweza kuipitisha."

Alimtazama fahali wake. Mzee Kombo naye alitazama pembeni, kwa heshima. "Nyama nnaila wiki," alisema Bi Saumu mwisho. "Gari halivutwi na nyama. Mpeni maji."

Nimelipima mara nyingi lile neno pengine. Nilitaka sana apone, kwa ajili yake na kwa ajili yangu, na nadhani nililisema kwa sauti yenye matumaini kuliko ujuzi niliokuwa nao.

Basi tukafanya kazi. Salfa ilisimama. Nilimtia mpira wa tumboni na wanawake wakapanga mstari mpaka kisimani. Tulitia soda ile ya kupikia mikate kutoka dukani, kwa sababu chembe za salfa huyeyuka vizuri zaidi mkojo ukiwa na soda. Juma alipanda mnazi akaangua madafu, kwa moyo mzuri kabisa, lakini Bwana Masudi alikuwa amenikataza kumpa madafu mnyama asiyekojoa. Sikujua kwa nini, nikatii; sababu yake niliisoma miaka mingi baadaye, kwamba kuna chumvi ndani ya dafu ambayo figo iliyofunga haiwezi kuitoa na moyo hauivumilii. Yale madafu tukayanywa wenyewe. Mpaka magharibi tulikuwa tumeingiza ndoo nyingi, na chini ya Tufani palikuwa pakavu.

Jumatano asubuhi palikuwa na alama ya maji chini yake, ukubwa wa sahani. Watu walikuja kuitazama. Sijaona mkojo uliotazamwa na watu wengi kwa heshima kama ile. Mzee Kombo aliinama akasema alhamdulillahi. Nilibahatika kupata matone kwenye kichupa, nikayachemsha, nikadondosha siki, na kichupa chote kikaganda kama yai. Chini kabisa palikuwa na mchanga mweupe. Nikaongeza maji, kwa sababu sikuwa na jingine la kuongeza.

Adhuhuri alikuwa amelala. Chini ya taya na kifuani pameanza kujaa, pakibonyezwa panabaki shimo. Yale maji tuliyompa yalikuwa yanakwenda kila mahali isipokuwa yalipotakiwa. Misuli ya bega ilikuwa inacheza yenyewe. Nilimnusa puani na safari hii nikaipata, ile harufu kali ya mkojo. Mkijifunza moja tu kutoka kwenye maandishi haya, jifunzeni harufu hiyo, maana ikishafika, umechelewa.

Bi Saumu alikuwa kasimama nyuma yangu. "Mwanangu," alisema, na ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo, "atakojoa?"

"Hatakojoa, bibi."

"Basi Mzee Kombo amchinje."

Nilimkumbusha kwamba nyama haitaliwa, kwamba itazikwa. Alisema anajua. "Haliwi, ndio. Lakini kanivutia gari miaka sita. Nsimwache afe kibudu kama kunguru." Mzee Kombo akakifungua kisu chake, akataja jina la Mungu, na Tufani hakuhangaika.

Nilimpasua mimi. Bi Saumu alitaka kuona, na sikuwa na haki ya kumnyima. Ngozi ya figo ilitoka kwa ulaini, chini yake pamepauka na kuvimba, na nilipoikata katikati, mistari yote ya ndani ilikuwa na unga mweupe, mwingi, unasagika kwenye kisu. Ulikuwa ni ule ule unga wa kwenye pakiti zangu. Bi Saumu aliugusa kwa kidole kimoja, akakifuta kwenye leso, akaenda zake ndani. Mimi na Juma tulichimba shimo mpaka alasiri. Juma hakuniambia neno baya hata moja, na ningependa angeniambia.

Figo moja niliitia chumvi kwenye kopo nikampelekea Bwana Masudi. Aliitazama kwa muda mrefu, akasogeza miwani.

"Uliwauliza maji?"

"Sikuuliza."

"Haya," alisema. Kisha akavuta stuli, akakaa, jambo ambalo hakulifanya kazini, akaniambia niandike taarifa mbele yake, na kila nilipoandika "ng'ombe alipewa" alinitaka nifute niandike "nilimpa". Taarifa ilikwenda Unguja. Daktari mkuu aliirudisha na saini, bila neno, na mpaka leo sijui aliisoma au alitia saini tu.

Tangu hapo kila pakiti ya salfa iliyopita mkononi mwangu niliiandika juu yake kwa herufi za Kiarabu, ambazo watu wazima wa shamba walizisoma vizuri kuliko zile za shule: maji ndoo nne, kisha dawa. Kwa asiyesoma kabisa nilichora ndoo nne. Wenzangu walinicheka kwamba nimefungua kazi ya kuchora. Na sikuondoka tena kwa mtu bila kupiga goti chini ya ng'ombe. Suruali zangu zote zilichakaa magoti.

Miezi ile nilipita Kengeja mara mbili kwa kazi nyingine. Mara ya pili nilimkuta Juma njiani amejifunga kamba kifuani, anavuta lile gari la ng'ombe mwenyewe, lina nazi nusu. Alinitolea salamu vizuri. Nilisukuma nyuma mpaka kwenye kilima.

Kisha ikaja miaka ya siasa, watu wakawa wanaulizana chama kabla ya salamu, na wapo walionikataza kugusa ng'ombe wao kwa sababu ya walipodhani napigia kura. Ng'ombe wenyewe hawakuwa na chama na waliugua vile vile. Ofisini tulipata bwana mifugo mpya kutoka Unguja, ana mafunzo marefu kuliko yangu, mikono mizuri, na sanduku la vifaa vipya. Alikuwa mjuzi kuliko mimi, nalisema bila husuda, ingawa siku zile nilikuwa nayo.

Asubuhi moja dereva wa lori la Kengeja aliingia ofisini na ujumbe. Bi Saumu alikuwa amepata tena ng'ombe, jike, wa kufuga kwa kugawana ndama na mwenye ng'ombe, na jike huyo amezaa kwa shida, hali wala hakojoi. Karani akasema vizuri, bwana mpya yuko tayari, atapanda lori lile lile.

Dereva akakuna kichwa. "Bibi hamtaki huyo, bwana. Kasema mumpelekee yule aliemuulia fahali wake."

Karani alinitazama, akadhani ni kejeli, akamuuliza kama bibi yule ana akili timamu.

"Nami n'limuuliza vivyo hivyo," alisema dereva. "Kasema huyo mwengine n'mjuzi, lakini ndio kwanza aanze kukosea. Yule wangu keshakosea kwangu."